Taa Izimike

Jina lake halisi lilikuwa kwenye jalada huko masjala. Wengine wote walimwita Nimesikia. Jina hilo alipewa na mkewe.

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Mwanamke wa maneno. Alisema maneno ya watu wawili, na yaliyobaki yakawatosha majirani.

"Baba, bomba la jikoni linavuja."

"Nimesikia."

"Soli ya kiatu chako imeachama, inacheka watu barabarani."

"Nimesikia."

"Mlango wa nyuma hukuufunga."

"Nimesikia."

Wala hakuinuka. Mkewe akawa anawaambia wenzake kwenye kamba za kuanikia, "Mimi nimeolewa na Bwana Nimesikia. Masikio anayo mawili. Miguu ndiyo hana." Watu walicheka, na jina likashika.

Miezi minane iliyopita mkewe alisema kifua kinambana. Alijibiwa neno lile lile. Safari hiyo mume aliinuka, tena mbio. Njiani mkewe akazimika. Daktari alisema hata wangekuja jana yake, ingekuwa vile vile. Nimesikia alimsikia daktari. Hakumwamini.

Habari yenyewe hapa ni ya gari.

Nimesikia alikuwa dereva wa Ofisi ya Mizani. Kazi ya ofisi hiyo ni kupima vipimo vya wenzao. Wanaingia dukani, wanaweka jiwe lao la kilo juu ya mizani ya muuza misumari, sindano ikiyumba wanaandika. Wanapima futi za mafundi cherehani. Wanapima ndoo za wauza mafuta ya taa. Ukutani waliandika kwa herufi kubwa, KIPIMO NI HAKI, na chini yake kabati la mawe ya mizani lilifungwa kwa kufuli mbili, mawe yasije yakapungua. Kipimo cha kupimia umeme wa gari lao wenyewe hawakuwa nacho. Hakuna aliyewahi kuona kwamba kinahitajika.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe ya milango minne. Nimesikia aliliendesha miaka kumi na minne, na kazini alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Jalada lake halikuwa na barua hata moja ya onyo. Mkewe alilisifu jalada lile ambalo hakuwahi kuliona. "Jeupe," alisema, "kama shuka la wodi ya wazazi nikishalifua mimi." Ilibaki miezi miwili astaafu. Alitaka jambo moja tu, atoke na weupe ule. Nyumbani hapakuwa na kingine cha kumpelekea marehemu.

Asubuhi moja Bosi alikaa kiti cha mbele. Bosi alikuwa mama mpana, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni. Walikuwa njiani kwenda kukagua mizani za soko. Akaona kitu kwenye dashibodi.

"Mzee, kile chekundu ni nini?"

"Taa ya chaji, Mama."

"Mbona kinanitazama mimi?"

"Kinatazama wote."

"Watu wa mizani hatuwezi kwenda kumkagua mtu na jicho jekundu. Watasema na sisi tuna kasoro."

Kando ya barabara ile palikuwa na kibanda cha Mama Shoti. Huyu alikuwa fundi umeme wa magari, na alikuwa rafiki wa marehemu. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokatwa mikono. Chombo chake kikuu kilikuwa balbu moja yenye waya mbili, anagusa hapa, anagusa pale, balbu inamwambia pa kwenda. Nimesikia akasimamisha gari.

Mama Shoti alifungua boneti. Akagusa altaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili iilishe betri umeme. Balbu yake ikawaka kwa uvivu.

"Shemeji, kaboni zimeisha humu ndani," alisema. "Vile vipande viwili vinavyosugua. Vimebaki kama kucha. Leo sina vipya."

"Andika," alisema Bosi. "Ofisi yangu inakwenda kwa maandishi."

Mama Shoti alichana kipande cha boksi la balbu, akaomba kalamu, akaandika akiegemea mudigadi: *Kaboni zimeisha, ziletwe mpya. Taa nyekundu izimike ndipo gari litembee.*

Hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilisubiri ofisini, kwenye meza ya afisa utumishi.

Afisa utumishi aliitwa Kwa Mujibu, kwa sababu hakuweza kuanza sentensi bila maneno hayo. Alikuwa mtu msafi sana. Hata rula yake ilikuwa na ala. Alikishika kile kipande cha boksi kwa ncha za vidole viwili.

"Kwa mujibu wa taratibu, boksi haliingii kwenye jalada," alisema. "Nitalichapa upya."

Nimesikia alikuwa amesimama mlangoni akisubiri funguo. Kwa Mujibu alisoma, akasoma tena, akacheka kwa pua.

"Huyu mama Kiswahili kimempitia mbali. *Izimike*. Izimike na nani? Taa haijizimi, Mzee. Amri lazima iwe na mtu wa kuitekeleza. Inatakiwa *izimwe*."

Akachapa *izimwe*. Mashine ikagonga tak-tak-tak. Ikaanguka *ke* moja, na hakuna aliyesikia ikianguka.

"Na hizi kaboni," Kwa Mujibu aliendelea, "kweli zimeisha. Nashangaa fundi wa barabarani kajuaje mambo ya stoo yetu."

Agizo la kwanza lilikwenda stoo. Baada ya siku mbili zikaletwa karatasi za kaboni za kunakilia, boksi kumi, nyeusi na bluu. Agizo la pili lilikwenda kwa fundi wa mkataba: *Taa nyekundu izimwe kabla ya saa kumi alasiri.*

Fundi wa mkataba aliitwa Badilisha. Tangu afungue gereji hakuwahi kutengeneza kitu. Alibadilisha tu. Alikuja na agizo mkononi, akavua uso wa dashibodi, akachomoa balbu ndogo iliyokuwa nyuma ya ile alama ya betri, akaitia mfukoni.

"Dakika tatu," alisema. "Imezimwa."

"Na altaneta?" Nimesikia aliuliza.

"Altaneta imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi mimi sisomi kisichoandikwa."

Nimesikia alijua kwamba jambo halikukaa sawa. Zamani mambo ya namna hiyo aliyapeleka nyumbani, mkewe akayasema kwa sauti, na kesho yake yeye akayarudia ofisini kama yake. Sasa pa kuyapeleka hapakuwepo.

"Nimesikia," alisema.

Saa tisa na nusu Bosi aliingia garini, akatazama dashibodi, akatabasamu. "Unaona? Kumbe ilikuwa jambo dogo."

Siku ya pili gari halikuwaka.

Lilikataa palepale mbele ya duka la muuza misumari, ambaye mizani yake walikuwa ndio kwanza wameifunga kwa lakiri. Ikabidi wasukume. Maafisa wanne wa vipimo, tai zikining'inia, viatu vikiteleza, Kwa Mujibu, aliyekuwa amefuatana nao, akisukuma kwa kiganja kimoja ili mkono wa pili usichafuke. Nimesikia akiwa ndani na usukani. Muuza misumari alitoka akakaa kwenye debe lake kutazama.

"Mabwana mizani," aliita, "hiyo mnayosukuma ni kilo ngapi? Maana leo mna kilo zenu kamili, mmezibeba wenyewe."

"Sukumeni," Kwa Mujibu aliwaambia wenzake, "msimjibu."

"Wewe wa mkono mmoja," alisema muuza misumari, "umepunja. Ongeza na wa pili ndipo kipimo kitimie."

Badilisha akabadilisha betri. Ikaishi siku tatu. Akabadilisha tena. Ikaishi mbili. Hapo ndipo alipotazama altaneta, akaibadilisha nzima. Mpya nayo haikutoa kitu. Akaleta ya pili, hali ile ile.

"Kwenye benchi yangu zote zinatoa umeme," alimwambia Bosi. "Kwenye gari lenu hazitoi. Kwa hiyo ugonjwa si wa altaneta. Ugonjwa ni wenu."

Maneno hayo yalionekana mazito. Na kwa kuwa jiwe la kupimia maneno halikuwemo kabatini, yakapita.

Kwa Mujibu akaanza kumtafuta mtu anayeitwa *wenu*. Hakuchukua muda. Mlinzi wa geti alisema dereva hukaa garini saa ya mapumziko, milango imefungwa, redio imewashwa.

Ilikuwa kweli. Wengine walikula pamoja chini ya paa la bati. Nimesikia alikula garini. Kulikuwa na mama mmoja redioni anayesoma hali ya hewa. Kesho mvua, chukua mwavuli. Kesho jua, watoto wasichezee nje mchana. Alikuwa na sauti ya kugomba kidogo. Nimesikia alimsikiliza dakika kumi, kisha akazima. Hakuwahi kumweleza mtu kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Barua ilitoka Jumatatu. Kwa kuwa kaboni zilikuwa tele, ilichapwa nakala saba. Ya saba ndiyo aliyopewa mwenyewe, nayo ilikuwa hafifu kama maandishi yaliyopigwa mvua. Ilimtaka dereva ajieleze mbele ya kamati, Alhamisi saa nne asubuhi, kwa nini asiachishwe kazi kwa kosa la kuua betri tatu na altaneta mbili za ofisi kwa njia ya redio.

Alikuwa amesoma madarasa mawili tu. Barua ile aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, jikoni kwake. Bomba lilikuwa linadondoka, to, to, to. Sufuria ilikuwa na kovu jeusi, aliisahau motoni wiki iliyopita. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na jogoo wa jirani amesimama kizingitini kama mpangaji anayekagua chumba.

Alichukua kalamu ajieleze. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Shida ilikuwa kwamba hakuwa na hakika. Labda kweli redio iliua. Mtu ambaye hakusikia kifua cha mkewe, angesikiaje kifua cha betri? Akaandika tarehe. Akaiweka kalamu chini.

Jumanne aliwahi kazini kuliko mlinzi. Aliingia garini, akazungusha ufunguo hatua moja, bila kuwasha injini. Betri ya tatu ilikuwa na kiroho kidogo. Taa ya oili ikawaka. Taa ya breki ya mkono ikawaka. Mahali pa taa ya betri palikuwa peusi.

Akaurudisha ufunguo. Akazungusha tena. Oili, breki, weusi.

Kwa miaka kumi na minne zilikuwa taa tatu. Kila asubuhi ufunguo ukizunguka zinawaka tatu pamoja, injini ikinguruma na breki ikiachiwa zinaondoka. Jicho lake lilizizoea hata likaacha kuziona, kama mtu anavyoacha kusikia saa ya ukutani. Sasa moja haisemi. Ofisi nzima ilikuwa inafurahi kwamba haisemi.

Ukimya ule aliujua. Ulikuwa ndio ule wa jikoni kwake. Bomba lilikuwa linavuja kuliko zamani, ila hakuna anayelitaja.

Alifunga gari, akaenda kwa miguu mpaka kwa Mama Shoti.

"Shemeji, umekuja kwa miguu," alisema Mama Shoti. Alikuwa amelala chini ya lori, zinaonekana ndala tu. "Kwa hiyo wameniletea kaboni?"

"Wameleta."

"Ziko wapi?"

"Stoo. Boksi kumi."

Ndala zikaacha kucheza. "Boksi kumi za kaboni za altaneta moja?"

"Za karatasi. Za kunakilia."

Kisha lori likaanza kucheka. Mama Shoti alitoka chini yake akijifuta macho kwa kiwiko, grisi ikabaki kwenye shavu. "Na marehemu hayupo. Habari kama hii nitampelekea nani?"

Nimesikia alimpa barua, na chini yake nakala ya lile agizo la taa, aliyoibakiza mfukoni. Mama Shoti alisoma. Hapo kicheko kikakatika.

"Hii si kazi yangu. Mimi niliandika *izimike*."

"Kasahihisha Kwa Mujibu. Kasema taa haijizimi."

"Haijizimi! Kazi yake ndiyo hiyo." Akainama mchangani, akachora kwa kidole kiduara na mstari. "Tazama hapa, shemeji. Hii balbu ya dashibodi. Huu uzi mwembamba unatoka kwenye balbu kwenda kwenye altaneta. Ukifungua swichi, umeme kidogo unapita kwenye balbu, ndiyo maana inawaka, halafu unaingia ndani ya altaneta kuiamsha. Altaneta ikishaamka ikatoa umeme wake, balbu inazimika yenyewe. Hakuna aliyeizima."

"Na ikitolewa balbu?"

"Nani ataiamsha? Altaneta ni kama nyinyi wanaume, haiinuki mpaka isumbuliwe. Walete altaneta mia, mpya kwenye karatasi zake, zote zitazunguka zimelala." Akainua macho. "Wameitoa?"

"Badilisha kaitia mfukoni."

"Basi wamemziba mdomo aliyekuwa anawaamsha, kisha wanashangaa nyumba imelala."

Nimesikia alitazama mchoro mchangani.

"Na redio?"

"Redio gani?"

"Mimi huwasha redio. Mchana. Dakika kumi."

Mama Shoti alimwangalia. Alikuwa na maneno mengi, ila yale aliyoyatoa yalikuwa machache. "Dakika kumi za redio haziui betri, shemeji. Betri haikuuawa na mtu. Ilizimika kwa sababu haikuwa inalishwa. Kuzimwa na kuzimika ni vitu viwili."

"Nimesikia," alisema. Na safari hii kweli alisikia, na si habari ya betri tu.

Mama Shoti alipekua mkebe wa kahawa, akatoa balbu ndogo kama punje ya mahindi, akaifunga kwenye kipande cha gazeti. "Kaitie. Zungusha robo tu, itashika."

"Twende wote. Wewe ndiye unayejua kusema."

"Nikienda mimi, kamati itamjadili mwanamke wa barabarani mpaka saa nane. Nenda mwenyewe. Maneno ni mawili tu. Mawili hata wewe unayaweza."

Alhamisi saa nne kamati ilikaa. Walikuwepo Bosi, Kwa Mujibu na mafaili yake, na Badilisha kama mtaalamu. Nje pikapu ilikuwa imefunguliwa boneti, imetiwa betri ya nne, ambayo kwenye karatasi iliitwa kielelezo. Badilisha alikuwa ameleta na mita yake ya umeme, akaiweka mezani mahali pa kuonekana.

"Kwa mujibu wa barua ya tarehe moja," alianza Kwa Mujibu, na akaendelea mpaka mafeni yakachoka. Alisoma jinsi kila betri ilivyopokewa ikiwa hai. Alisoma jinsi ilivyokutwa. Alimsoma mlinzi. Alisoma saa ya redio. Mwisho akasema, "Mtuhumiwa ana la kusema?"

Walijua atasema nini. Kwa Mujibu alikuwa ameshalichapa kabisa, *Nimesikia*, na nukta yake.

"Naomba twende nje," alisema Nimesikia.

Wakatazamana. Ilikuwa sentensi ndefu kwake. Bosi ndiye aliyeinuka kwanza, nadhani kwa mshangao tu.

Nje, Nimesikia alimwomba Badilisha aweke mita yake kwenye betri. Akawasha injini. Ikanguruma. Wote wakainama kwenye mita. Watu wa vipimo hata kama wana hasira hawawezi kuiacha namba.

"Kumi na mbili nukta tatu," Bosi alisoma. "Inashuka. Nukta mbili."

"Kama kawaida," alisema Badilisha. "Altaneta imekufa. Ya pili hiyo."

Nimesikia alizima injini. Akavua uso wa dashibodi, akafungua kile kipande cha gazeti, akatia ile punje mahali pake, akazungusha robo. Balbu ikashika. Akafungua swichi. Taa zikawaka tatu.

"Kile tena," alisema Bosi.

"Taa nyekundu ilishaagizwa," alisema Kwa Mujibu. "Kwa mujibu wa agizo, izimwe. Badilisha, zima."

Badilisha akanyosha mkono. Nimesikia akauzuia kwa mkono wake. Hakuwahi kuuzuia mkono wa mtu katika ofisi ile.

"Subirini," alisema. "Itazimika."

Akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo. Taa nyekundu ilififia, ikapepesa mara moja, ikaondoka.

"Kumi na nne," Bosi alisoma. Akavaa miwani vizuri. "Kumi na nne nukta mbili. Imesimama hapo hapo." Akageuka. "Nani kaizima ile taa?"

"Hakuna, Mama. Imezimika."

Bosi akanyosha mkono kwa Kwa Mujibu bila kumtazama. "Nipe lile boksi. La yule fundi."

"Boksi haliingii kwenye jalada, Mama, kwa hiyo…"

"Umelitupa?"

Hakuwa amelitupa. Kwa Mujibu hakutupa kitu. Lilikuwa kwenye droo, ndani ya bahasha iliyoandikwa *Visivyo Rasmi*. Likaletwa pamoja na agizo. Bosi alisoma boksi, akasoma agizo, akasoma boksi. Badilisha alichukua mita yake akaanza kukunja nyaya polepole, kama mtu aliyekumbuka ana mgonjwa nyumbani.

"Ofisi hii," alisema Bosi, "inamfungia mtu duka kwa gramu kumi. Wewe umepunja silabi nzima."

"Lilikuwa suala la sarufi, Mama."

"Na hizi boksi kumi za kaboni?"

Kwa Mujibu akatazama viatu vyake, vilivyokuwa safi.

Kamati ilirudi ndani kumaliza kazi. Haikuwezekana kusema kwamba kamati imekosea, maana kamati haikosei, inaelimika. Basi ikaandikwa kwamba kamati, baada ya uchunguzi wa kina, imegundua chanzo cha tatizo. Badilisha alishukuriwa kwa kuleta mita. Mama Shoti hakutajwa, kwa kuwa hakuwa rasmi. Kisha Kwa Mujibu akachapa barua ya dereva, nayo nakala saba, na kwa haraka akamsogezea ya saba aweke sahihi.

"Nisomee," alisema Nimesikia.

"Tuhuma dhidi ya dereva zimefutika."

Nimesikia hakuchukua kalamu. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama siku ya boksi.

"Zimefutika na nani?" aliuliza.

"Vipi?"

"Tuhuma hazijifuti, Bwana Afisa. Lazima awepo wa kuzifuta."

Bosi alitoa sauti fulani ndani ya leso. Kwa Mujibu alikuwa mtu wa kanuni, hilo lazima asifiwe. Alifikiri, akaona kanuni ni yake mwenyewe, akatia karatasi mpya. *Zimefutwa*. Na chini yake jina la aliyefuta, na sahihi. Nimesikia akaomba nakala ya kwanza, ile nyeusi.

Barua ya tuhuma haikutolewa jaladani. Kilichoingia masjala hakitoki. Waliipiga mhuri mwekundu juu yake, IMEFUTWA, upande mpaka upande. Kwa hiyo jalada halikuwa jeupe tena. Njiani kwenda nyumbani Nimesikia alilifikiria hilo. Kisha akakumbuka neno la mkewe kuhusu mashuka. Alikuwa akisema shuka lisilowahi kuwa na doa halijawahi kulaliwa. Usiliulize shuka lilikuwa na doa gani, liulize nani kalifua.

Jumamosi alifunga bomba la jikoni. Alitumia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Saa nzima, akajikata kidole. Likanyamaza. Alikaa kulisikiliza lilivyonyamaza, kisha akaenda akafunga mlango wa nyuma.

Jumatatu walikuwa na safari ya soko. Bosi aliingia kiti cha mbele na mkoba wake. Nimesikia alizungusha ufunguo hatua moja. Taa tatu. Hakuwasha injini. Aliitazama ile nyekundu, nayo ikamtazama.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini, Mzee?"

Akawasha. Taa ikazimika.

"Mlango wako hukuufunga vizuri, Mama."

"Nimesikia," alisema Bosi, akifungua mkoba kutafuta miwani.

Dereva hakuondoa gari. Alikaa na mikono kwenye usukani, injini inanguruma, anasubiri, mpaka Bosi alipoinua kichwa, akaufungua mlango, akaubamiza.